Boti Iliyoonekana Uhabeshi

"Ile boti pale Uhabeshi ni ya nani?"

Mzee aliuliza hivyo jioni ya nne, kidole chake kikiwa kimegusa kioo cha kompyuta. Nikasogea. Kwenye nyanda za juu za Ethiopia, magharibi kidogo ya milima ya Bale, palikuwa na alama ndogo ya boti, imetulia. Bahari hakuna, ziwa hakuna. Nikabonyeza alama ile, likatokea jina la kituo. Ilikuwa boti yetu, iliyofungwa Msasani, Dar es Salaam, na ilikuwa imekaa kule juu tangu jana yake, wakati sisi tukibadilisha waya na kulaumu antena.

Nimeandika kisa hiki kwa sababu hitilafu zote tulizokutana nazo tukijenga mfumo wa redio wa kuonyesha boti kwenye ramani ziliishia mahali pamoja: kimya kwenye ramani. Ramani tupu haisemi kama tatizo liko kwenye redio, waya, mipangilio au herufi moja ndani ya programu. Tulikuwa na vimya vinne, na kwa siku kadhaa tulivitibu kama kimoja.

Mzee alistaafu kazi ya redio za meli, na ana leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yenye alama ya wito (jina la kituo hewani) inayoanza na 5H kama nyingi za Tanzania. Ana boti ndogo ya kuvulia samaki wa kitoweo. Alitaka mkewe akae nyumbani Kawe aone kwenye ramani boti iko wapi. Nilimwuliza kwa nini asitumie simu tu. "Simu ni ya wenyewe, mwanangu," akasema. "Hii nataka niijue tangu waya wa kwanza." Basi. Mimi ni fundi wa kompyuta, redio sikuwa naijua, na hapo ndipo ubia wetu ulipoanzia.

Mfumo wenyewe unaitwa APRS. Aliyeubuni ni Bob Bruninga, mhandisi wa Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani, Annapolis, aliyefariki mwaka 2022. Mwaka 1984 alitumia kompyuta ndogo ya VIC-20 kufuatilia farasi kwenye mbio za maili 100, na mwaka 1992 mfumo ukatolewa kwa wanaredio wote. Kifaa kinachotembea husoma mahali kilipo kutoka GPS, hupanga maneno machache kuwa pakiti, hugeuza pakiti kuwa sauti na kuirusha kwa redio ya kawaida ya FM. Sauti zenyewe ni mbili, ya hezi 1,200 na ya hezi 2,200, zikipokezana kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Sikioni ni kama mtu anayerarua kitambaa kizito: brrrap, chini ya sekunde moja, kisha kimya. Ulaya na Afrika hutumia megahezi 144.800, Marekani ni 144.390.

Upande wa nyumbani, sauti ile inatoka kwenye redio na kuingia kwenye kisanduku kiitwacho TNC. Ni mkalimani: huisikiliza, huirudisha kuwa biti, hukagua kama pakiti ni nzima, kisha huipeleka kwenye kompyuta. Mzee alikuwa na TNC ya zamani ya mtindo wa TNC-2, ule uliotoka Tucson, Arizona, katikati ya miaka ya 1980. Ina taa tano mbele na poti ya siriali ya pini 25 nyuma. Kompyuta yangu ina USB peke yake, kwa hiyo tukanunua kigeuzi cha USB kwenda siriali Kariakoo.

Jioni ya kwanza niliunganisha, nikafungua programu ya kuandikiana na poti, nikawasha kisanduku. Kilitakiwa kuandika cmd: kikisubiri amri. Kikaandika hivi:

cíä:

Nikasema kigeuzi ni feki. Mzee akasema Kariakoo si wote matapeli, angalia vizuri. Alikuwa na haki, kwa sababu ndani ya takataka ile mlikuwa na jibu. Kasi ya poti ingekuwa imekosewa, herufi zote zingevurugika. Hapa c na nukta mbili zimetoka safi, m na d zimeharibika. TNC za aina ile zikiwa na mipangilio ya kiwandani hutuma biti 7 za herufi, na ya nane wanaitumia kwa ukaguzi wa pariti: inawekwa 1 pale tu moja za herufi zikiwa idadi witiri. Herufi c ina moja nne, inapita salama. Herufi m ina tano, d ina tatu. Zote mbili zinabandikwa biti ya ziada, na kompyuta yangu, iliyotegemea biti 8 bila pariti, ikaisoma biti ile kama sehemu ya herufi. Ndiyo maana m ikawa í. Nilibadilisha upande wangu kuwa biti 7 na pariti shufwa, cmd: ikaja safi, kisha nikakiamuru kisanduku chenyewe kihamie biti 8: AWLEN 8, PARITY 0, RESTART. Tukala chapati, tukalala tukijiona mabingwa.

Jioni ya pili, cíä: tena.

Nilikaribia kukitupa kigeuzi dirishani. Mzee alifungua kisanduku kwa bisibisi, akaweka mita kwenye betri ndogo ya volti 3 iliyolehemiwa ubaoni. Haikuwa na kitu. Mipangilio ya TNC hii hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri hiyo. Betri ikifa, kila ukizima umeme kisanduku kinarudi utotoni. Alilehemu nyingine, nikarudia amri zile tatu, tukazima na kuwasha mara tatu kuhakikisha. Nimekutana na watu wawili baada ya hapo waliouza TNC nzima kwa ajili ya betri hii.

Hapa ndipo tulipofanya kosa la mpangilio, na kwangu ni kubwa kuliko makosa ya kifundi. Programu za ramani nyingi hazitaki kisanduku kinachoandika maneno. Zinataka kiwe katika hali ya KISS, utaratibu uliowekwa mwaka 1987 na Mike Chepponis na Phil Karn, ambao jina lake ni kifupi cha Kiingereza cha kumkaripia fundi arahisishe kazi, mjinga wee. Katika hali hiyo TNC haiandiki cmd: wala haipokei amri za maandishi. Inapitisha pakiti ghafi tu, kila moja ikiwa imefungwa kati ya baiti mbili za C0. Niliandika KISS ON, kisha RESTART, taa za CON na STA zikapepesa mara tatu kama inavyotakiwa. Nikafungua ramani. Tukawasha kifaa cha boti, ambacho wakati huo kilikuwa mezani Kawe karibu na sukari. Redio ya nyumbani ikararua kitambaa. Ramani, hola.

Kosa ni kwamba niliingia KISS kabla sijaona pakiti hata moja kwa macho. Katika hali ya maandishi TNC ni mwalimu mzuri: kila pakiti nzima inayopita inaandikwa mbele yako. Ukishaingia KISS umemvua mwalimu ulimi, umebaki na programu ya ramani ambayo ina mipangilio yake mwenyewe ya kukosewa. Ilibidi nitume baiti tatu, 192, 255 na 192, ambazo ndizo mlango wa kutokea KISS, nirudi kwenye cmd: na kuangalia upya.

Kwenye maandishi nako hapakuwa na kitu. Redio inaunguruma kila dakika, taa ya DCD inawaka kila mara, maana yake kisanduku kinasikia kuna data hewani, lakini hakiandiki. Hiki kilikuwa kimya cha kweli, na maana yake ni moja: pakiti zinafika zikiwa zimeumia. Pakiti ya AX.25, muundo ambao APRS hutumia, ina biti 16 za ukaguzi mwishoni. Biti moja ikipotoka, hesabu haikubali na TNC inaitupa nzima bila kukuambia. Hakuna kurekebisha, hakuna nusu pakiti. Hapa redio ya maneno inamdanganya mtu mzoefu. Mzee alikuwa anasikia ishara kali, safi, kwa hiyo kwake redio ilikuwa nzima. Masikio yake yalizoea kuwaelewa watu waliokuwa wakipiga kelele katikati ya dhoruba. Modemu haina uvumilivu huo.

Kifaa cha boti tulikiunda wenyewe: bodi ndogo ya kidhibiti, kipokezi cha GPS, na redio koli ya wati 5. Pini ya bodi inatoa hadi volti 5. Tundu la maikrofoni la redio linategemea milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu za volti moja. Tuliweka resista katikati, lakini ndogo mno, na sauti ikawa inagonga ukuta ndani ya redio na kukatwa vichwa. Hatukuwa na mita ya kupimia mpotoko wa FM, wala wengi hawana. Mzee alitumia njia ya zamani. Aliweka resista ya kuzungushwa, akashika redio ya pili sikioni, akapandisha sauti hadi ikawa haiongezeki tena hata akizungusha, kisha akairudisha nyuma mpaka ikasikika wazi imepungua. Pale pale kwenye kioo:

N0CALL-8>APRS,WIDE1-1:!0644.10N/03914.20Es

N0CALL ni jina la bandia ambalo programu nyingi huja nalo. Nimeliweka mahali pa alama ya Mzee. Namba 8 baada yake ni desturi ya wanaredio kwa vyombo vya majini. WIDE1-1 ni ombi kwa kituo chochote cha kurudia matangazo kilicho karibu kiipokee na kuirusha tena, ombi ambalo Kawe halikupata wa kulijibu. Baada ya alama ya mshangao ni latitudo, longitudo, na s ndogo mwishoni inayoiambia ramani ichore boti.

Tulishangilia. Mama wa nyumba alitoka jikoni kuuliza nani kafunga goli. Hakuna aliyesoma mstari ule mpaka mwisho. Naurudia hapa ili msomaji ausome kabla yetu.

Jioni ya tatu sina mengi ya kusema, ilikuwa ya aibu. KISS tena, taa zikapepesa, ramani ya Dar es Salaam wazi kuanzia Kigamboni hadi Bagamoyo, na hakuna alama. Tulirudi kwenye redio, kwa sababu jana ndiko kulikokuwa na ugonjwa. Tukabadilisha antena. Tukazungusha resista tena, tukaiharibu, tukairudisha. Nilinunua kigeuzi cha pili. Chini kabisa ya dirisha la ramani palikuwa na maandishi madogo: vituo, 1. Niliyaona. Nikadhani ni sisi wenyewe.

Ulaya usingepotea hivi. Pale unafungua megahezi 144.800 na ndani ya dakika unasikia magari, vituo vya hali ya hewa na minara, na kama ramani inawaonyesha wao bila kukuonyesha wewe, basi kosa ni lako. Sisi jioni zote hizo hatukusikia kituo kingine hata kimoja. Tulikuwa tunapima mizani kwa jiwe ambalo uzito wake hatuujui: kifaa kipya hewani na mnyororo mpya nyumbani, vyote viwili ni washukiwa. Tulihitaji ishara ya mtu mwingine, iliyokwisha kuthibitika.

Mzee ndiye aliyetuelekeza juu. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kimebeba redio ya ridhaa, na inapowekwa katika hali ya pakiti hupokea na kurudia matangazo ya APRS kwenye megahezi 145.825. Kinazunguka dunia kwa takriban dakika 93, kilomita 400 hivi juu yetu, na kikipita karibu na utosi una dakika kumi kabla hakijazama. Hakihitaji antena ya kuzungusha. Masafa yake husogea kwa kilohezi 3 na kitu kwa sababu ya mwendo, lakini FM inavumilia hilo. Tulipata pita moja baada ya magharibi, ikitokea kusini-magharibi. Mzee akaweka redio kwenye 145.825, mimi nikaivuta ramani nyuma hadi Afrika nzima ikaingia kwenye kioo, maana sikujua nani atasikika.

Dakika ya tatu, brrrap hafifu. Kisha nyingine. Na kwenye ramani, chini kule Afrika Kusini, ikachomoza alama ya nyumba. Kituo cha mtu, kimerudiwa kutoka angani, kimefika Kawe kupitia redio ile ile, kisanduku kile kile, kigeuzi kile kile. Mnyororo mzima wa nyumbani ukawa umeachiwa huru kwa mkupuo mmoja.

Na ndipo Mzee akaweka kidole juu zaidi, Ethiopia, akauliza swali lake.

Nilifungua dirisha la pakiti ghafi. Mstari wa Mwafrika Kusini ulikuwa na latitudo inayoanza na 26 na kufuatiwa na S. Mstari wetu wa alasiri ulikuwa juu yake: 0644.10N. Tulikaa kimya kidogo. "Huyu ana S," Mzee akasema taratibu. "Sisi N tumeitoa wapi?"

Tulikuwa tumeitoa kwenye programu ya kifaa, niliyoipakua na kuitumia bila kuisoma. Kipokezi cha GPS hakikuwa na kosa. Kinatoa sentensi za aina hii kila sekunde:

$GPRMC,154210.00,A,0644.10231,S,03914.20415,E,...

Tarakimu kwanza, mkato, halafu herufi ya nusu ya dunia. Aliyeandika programu alichukua tarakimu na kuiruka herufi, kisha akaandika N na E kwa mkono wake, moja kwa moja, kwa sababu alipokaa yeye jibu huwa hilo siku zote. Aliijaribu kwao ikafanya kazi. Sisi tuko nyuzi 6 na dakika 44 kusini ya ikweta. Tukageuzwa kuwa nyuzi 6 na dakika 44 kaskazini, longitudo ile ile, kama kilomita 1,500 kutoka nyumbani. Angekuwa Mmarekani aliyezoea N na W, boti yetu ingewekwa katikati ya Atlantiki. Angalau ingekuwa majini.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili: soma herufi iliyotoka kwenye GPS, itume hiyo hiyo. Nikiwa humo nilikagua na sifuri ya mbele ya longitudo, kwa kuwa APRS inataka tarakimu tatu za nyuzi, 039 na si 39, na programu zinazogeuza maandishi kuwa namba hupenda kuimeza. Ilikuwepo. Nyongeza kwa wanaoandika mahali pao kwa mkono kwenye mipangilio ya kituo cha nyumbani: tarakimu hizi ni nyuzi na dakika, si nyuzi zenye desimali. Simu ikikuambia 6.735, hiyo ni nyuzi 6 na dakika 44.10. Anayeandika 0673.50 ametunga dakika ambayo haipo kwenye saa yoyote.

Kama ningeanza leo bila kisanduku cha Mzee, ningetumia Direwolf, programu ya John Langner inayofanya kazi ya TNC kwa kutumia sauti ya kompyuta, na ningekwepa pariti, betri na kigeuzi kwa pamoja. Kosa la N lisingekwepeka. Halikuwa la vyombo hivyo. Lilikuwa ndani ya pakiti nzima, iliyokaguliwa na kukubaliwa na kila kiungo iliyopitia, kwa sababu N ni herufi halali kabisa na Ethiopia ni mahali halali kabisa.

Jumamosi iliyofuata Mzee alitoka na boti kuelekea kisiwa cha Bongoyo. Redio ya channeli 16 ya baharini alikuwa nayo pembeni, maana APRS si chombo cha kuitia msaada na hakuna mtu wa zamu anayeisikiliza. Antena ya nyumbani iko mita 12 kutoka chini, ya boti mita 3; kwa hesabu ya upeo wa redio hiyo ni kilomita 21 hivi, kisiwa kingekuwa ndani bila shida, na Unguja hatuna haja ya kuiota kwa sasa. Mama alivuta kiti, akatazama alama ikitoka Msasani ikiruka hatua moja kila dakika. Nyuma ya kisiwa tulipoteza pakiti saba mfululizo. Ya nane ikaja, na alama ikatokea upande wa pili.

Alirudi saa kumi na moja jioni na changu wanne, akasahau kuzima kifaa. Alama ilibaki ufukweni Msasani ikijirudia kila dakika hadi saa tisa usiku, betri ilipokwisha.